Muziki ya Kwetu
Phocas, mteja wangu wa kila siku, aliitoa CD yangu kwenye redio akaivunja vipande viwili mbele ya baa nzima.

"Kila siku Kingereza! Weka muziki ya kwetu," alifoka. "We iko Munyarwanda ama nini?"

Ilikuwa CD ya kundi la Waingereza, ya mwaka tisini na sita. Mzungu aliyeniachia hapa Rubona, upande wa Rwanda, aliniambia hata kwao watu hawakuinunua. Ndiyo maana niliipenda. Nikipiga rumba naitwa Mkongo, kwa kuwa nilizaliwa Goma. Nikipiga za Kinyarwanda, wateja wanaovuka kutoka Goma wananuna. Waingereza hawa hawakuwa wa mtu yeyote, na kwa miaka minane hakuna aliyegombana kwa sababu yao.

"Mukongo we!" alisema Phocas, na mate yake yakanirukia usoni.

Sikumbuki nilivyookota kipande. Nakumbuka kilivyokuwa chepesi, na jinsi kilivyoichana ngozi chini ya sikio lake bila shida yoyote. Damu iliteremka kwenye ule upande unaong'aa. Meza ilipinduka, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zikamwagika chini, na hakuna aliyethubutu kutusogelea.

"Imba ya kwenu," nilimwambia. "Sasa hivi."

Phocas alifumba macho. Alianza, akakwama, akaanza tena. Kilichomtoka kilikuwa kiitikio cha Waingereza, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Bon," nilisema, bila kuondoa mkono. "Iko na beti ya pili."