Kiti cha Mama Béata

Saa sita kamili mchana Mwalimu Eugène alivuta kiti cha pili mezani, akaikalisha foni juu yake, akanawa mikono, akamkaribisha mgeni.

"Mama Béata, karibu ku meza. À vous." Yaani, zamu yako kusema.

Msimcheke haraka. Foni ni ile redio kubwa ya kuitana toka kijiji hadi kijiji, na Kibua nzima, kijiji chake, ilikuwa imekwisha kukimbia. Vita viliondoa wanafunzi, vikaondoa majirani, vikaacha mbuzi mmoja, naye hakukaa. Eugène alibaki kwa sababu ya kaburi la mke wake na, tuseme ukweli, kwa ukaidi.

"Nakupata muzuri, Mwalimu," sauti ikajibu, chini chini kama ya mtu aliye kanisani. "Leo niko na sambaza za kukaanga, tusamaki twa ziwa, na bugali ya moto. Na kipande ya fromaji, ile ya maziwa ya ngombe ya Masisi. Wewe?"

"Ndizi ya kuchemsha. Na chumvi."

"Chumvi tu?"

"Chumvi njo karamu, Mama. Jana haikukuwa."

Béata akacheka, na Eugène akatafuna polepole ili kicheko kile kisiishe kabla ya ndizi. Shuleni alikuwa akifundisha filozofia, na aliyempenda kuliko wote ni yule Mgiriki wa bustani ambaye watu humsingizia ulafi bure. Maskini ya Mungu, mzee alitaka kidogo tu: tumbo lisilie, moyo usiogope, na rafiki awepo. Zamani Eugène aliyaandika hayo ubaoni kwa chaki na kuwapa wanafunzi alama. Sasa ndiyo kwanza aliyaelewa. La tumbo alilipata kwa ndizi. La moyo halikupatikana katika wilaya yote ya Walikale. La rafiki lilikuwa pale kwenye kiti, likikoroma.

Walijuana kwa bahati tu, mwezi wa kwanza wa upweke wake, alipokuwa akihangaika na foni kutafuta habari za vita. "Béata, wa Kirotshe, pembeni ya ziwa," mama yule alijitambulisha. Eugène akajibu kwamba yeye yuko Walikale-centre, mjini, katikati ya watu wengi. Alidanganya, naam. Foni haina siri, wenye bunduki nao wana masikio, na mtu aliye peke yake hajitangazi.

Tangu hapo walikula pamoja. Béata alivieleza vyakula vyake hata mate yakamjaa Eugène mdomoni, ingawa kijiko chake hakikusikika hata siku moja. Mvua ilipopiga bati la Eugène ilipiga na la Béata, wakasubiri wote wawili ipungue ndipo waendelee. "Dunia muzima inanyesha," Eugène alisema, akafurahi kuwa na mwenzake wa mvua.

Kisha betri ikaanza kuchoka. Alikuwa akiwasha foni saa sita tu, dakika kumi, na bado sauti ilizidi kwenda mbali. Siku itakapozima, atakula peke yake mpaka afe. Hilo lilimtisha kuliko barabara. Basi akafunga chupa ya asali kwenye kitambaa, akalipiga pasi ya makaa shati lake la kufundishia, akashika njia ya Kirotshe, akakae meza moja na Béata hata kama ni mara moja tu. Hakumwambia kwamba anakuja. Aitangaze safari hewani, wamngoje njiani? Thubutu!

Siku ya pili, jua la utosini, alifika kijiji cha Kashebere. Kutupu. Majani yalikuwa yamepanda hadi milangoni, na pale watu walipokuwa wakiuza vitu kando ya barabara hapakuwa na hata mbwa. Akaketi kwenye baraza la nyumba moja iliyobaki na bati, akatoa ndizi baridi. Mdomo ulifunguka wenyewe kusema karibu ku meza. Akaufumba. Nani ajuaye ni nani anayesikiliza? Akala kimya, upesi upesi, akiangaza macho huku na huku, na ndizi ile haikuwa na ladha yoyote. Hakuwahi kujiona mkiwa namna hiyo, hata siku alipomzika mke wake. Akafuta mikono, akaondoka.

Siku ya tano aliliona ziwa, akaingia Kirotshe. Akaoga, akavaa shati, akauliza ilipo foni. Aliyekuwa akiishika ni mama mmoja mchangamfu aitwaye Nicole.

"Namutafuta Mama Béata," Eugène alisema, asali mkononi. "Tunakulaka naye kila siku."

"Béata? Hapa?" Nicole akacheka. "Papa, sisi pia tunamusikiaka tu ku foni. Ni mama wa Kashebere. Wote walikimbia, akabakia yeye moja, anajifungiaka mu nyumba. Kila asubui anatuuliza tumepika nini, tumuelezee yote, hata pilipili."

Eugène akaitua asali chini.

"Lakini hizi siku tatu haulizi tena," Nicole akaendelea. "Iko na woga sana. Anasema mwanaume moja alikuja kukaa ku baraza yake saa sita, akakula, akaenda. Anasema, kama angesema hata neno moja tu, labda angemufungulia."