Jina la Marehemu Addolorata

Padri alikuwa ameshachota maji ya ubatizo mkamwana alipomnong'oneza mzee: "Baba, Addolorata kwa lugha yenu maana yake mwenye majonzi. Mtoto ataishije na jina hilo hapa Uingereza? Tumwite Dolly, kama marehemu mama alivyoitwa kiwandani."

"Manyapara walimfupishia jina kwa uvivu wa ulimi," mzee akasema. "Majonzi aliyapata kwenye vumbi lao la matofali. Sisi binti wa kwanza hurithi jina la bibi yake, mama wa baba. Au kwenu wafu hawarithiwi?"

Tone la maji lilining'inia ukingoni mwa kikombe.

"Mtoto anaitwa nani?" padri akauliza.

Mwana wa mzee, baba wa mtoto, akamtazama mkewe, kisha akafumbua mdomo.

Mzee akanyoosha kiganja, akafunika utosi wa mtoto maji yasimfikie.