Choroko za Senkondo

Zama hizo kila mtu alikuwa na mmea wake wa jamii ya maharage bustanini, aliouotesha kwa mbegu iliyolowa mate yake mwenyewe. Mtu akifa, mmea hunyauka. Mmea uking'olewa, mwenyewe huanguka akafa papo hapo.

Choroko za Senkondo zilikuwa zimenyauka tangu asubuhi. Mkewe, Nakiete, alikuwa bado amechuchumaa bustanini akilia, Senkondo huyo akaingia kutoka safari, mzima, anacheka.

“Mama Kirigha, unalilia mboga?”

“Vumbi tu, baba, limeniingia machoni.”

Mume akapita akichungulia kunde, mbaazi na fiwi. “Na mmea wako ni upi vile?”

Miaka yote ya ndoa yao, Senkondo ndiye aliyekuwa akizimwagilia fiwi za mkewe. Nakiete akanyoosha kidole kwenye shina la njegere za kupikia, zisizo za mtu.

“Ule pale.”

Yule mwenye sura ya mumewe akainama, akaung'oa na mizizi yake, akakung'uta udongo taratibu. Kisha akageuka kumtazama, anangoja.

Nakiete akaona heri aanguke.