Nakala ya Hukumu

Bi Tausi alishindwa kesi ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mahakama ilimpa shemeji yake nyumba hiyo. Alikuwa na siku thelathini za kukata rufaa, na kila alipofuata nakala ya hukumu, karani alimjibu, "Bado haijachapwa, mama." Siku ya thelathini na moja ndipo alipompa.

"Sasa umechelewa," alisema bila kumtazama. "Andika barua, uombe kuongezewa muda."

Nyumbani alimkuta shemeji yake juu ya paa, anang'oa mabati.

"Shemeji, mimi bado naishi humu!"

"Isome hiyo karatasi. Mwenye nyumba ni mimi."

Bi Tausi aliingia ndani, akaketi mezani, akaanza kuandika. Jua la saa sita lilimchoma utosini, na kutu ikawa inadondokea kila mstari.