Taa Moja Ibaki

Ndege zilijiendesha zenyewe, na mitambo yote, ya angani na ya majumbani, ilifunzana. Rubani aliruhusiwa kugusa swichi pale tu umeme ulipokatika angani.

Rubani Shamsa aliisubiri siku hiyo miaka kumi na mmoja, akijizoesha kila Jumamosi nyumbani kwa mama yake: zima friji, zima feni, zima runinga, bakiza taa moja.

Ikaja juu ya Singida. Jenereta zote mbili zilikufa. Shamsa akazima kisichohitajika, akaibakizia betri vipimo tu, akatua salama na abiria wake, matajiri wanne.

Mama alipiga vigelegele, mtaa ukasikia. “Ndiye mwanangu huyo! Haya, leo Jumamosi, nionyeshe ulivyofanya.”

Shamsa akainuka, kifua mbele. Kabla hajagusa kitu, friji ikajizima. Feni ikafuata, kisha runinga.

Ikabaki taa moja.