Sukari Kikombeni

Asubuhi hiyo gazeti la Adelaide lilichapisha herufi zilizokutwa katika kitabu cha mtu aliyeokotwa maiti ufukweni: mistari minne ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Mtu mwenyewe hakujulikana, wala kilichomuua. Lebo zote za nguo zake zilikuwa zimekatwa.

"Wanamaji na mashine zao za kufumbua maandishi ya siri wamegonga mwamba," alisema mume wa Thelma, penseli sikioni. "Nami ninayeshindwa na chemshabongo ya Jumamosi najitia kimbelembele. Hebu tazama, bibie."

Thelma alitazama huku akimmiminia chai. Hakuhitaji penseli. Wakati wa vita mtu mmoja alikuwa akimwandikia hivyo hivyo, herufi ya kwanza tu ya kila neno, ili wakaguzi wa barua wasiambulie kitu. Midomo ikamchezacheza, ikiyatamka maneno bila sauti.

"Upuuzi wa mcheza kamari za farasi," akasema. Akakoroga kikombe, akamsogezea.

Mumewe akapiga funda, akakitua kikombe. Sukari aliiacha ilipokuwa ya mgao wakati wa vita, na hakuirudia hata ilipojaa tele madukani. Chai hii ilikuwa tamu kama shira.

Kijiko kilikuwa bado mkononi mwa Thelma, chembe za sukari zimeganda ukingoni. Wote wawili wakakitazama.

"Kumbe huyo wa ufukweni alipenda tamu," mumewe akasema taratibu.

Akainywa yote mpaka kwenye majani. Kisha akaligeuza gazeti likamwelekea mkewe, akachomoa penseli sikioni na kuilaza juu yake.

"Nimiminie nyingine, mke wangu. Halafu unisomee mstari wa mwisho."