Saa ya Jirani

Tangu asubuhi simu za mji mzima zilikuwa zikikatika, hata zahanati ilishindwa kuita gari la wagonjwa. Siwema, fundi mkuu wa kituo cha simu, alikuwa ameshajua kisa. Mtambo wao ulifuata saa ya mtambo wa mji jirani ili simu ziende kwa mwendo mmoja, na ule wa jirani nao ulifuata wa kwao. Kila mmoja alimwamini mwenzake, basi wakapotea pamoja.

Akaushika waya ulioleta saa ya jirani.

"Usiguse!" alifoka Bwana Kulwa, meneja wake, kutoka mlangoni. "Makao makuu wameagiza tuwafuate jirani."

"Na jirani ameagizwa amfuate nani?"

Kulwa akaingia ndani. "Ukichomoa, taa nyekundu itawaka mpaka kwa wakubwa. Kazi huna."

"Na iwake."

Akachomoa. Taa ikawaka, king'ora kikapiga kelele, na mtambo ukabaki na saa yake ndogo ya ndani. Siwema akavuta kiti, akaketi kati ya mtambo na meneja.

Mezani, simu iliyokuwa kimya tangu asubuhi ikaanza kuita. Akainyanyua kwa mkono uleule uliochomoa, waya wa saa bado ukining'inia.